Tangi Lililojaa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Milimita nne katika kopo langu la kupimia, lililo juu ya ukuta wa ua. Nilikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na mkono haujajifunza kustaafu.

Nimefungua daftari jipya la miraba kwa sababu kuna jambo la kuamua, nami huamua vizuri zaidi nikiwa na kalamu. Petroli imepanda tena. Mke wangu anatakiwa kwenye mashine ya kusafisha damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na hospitali yenye mashine hiyo iko kilomita sitini na nane kutoka mlangoni petu. Nimezipima mwenyewe kwa mita ya gari, mara nne. Kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki, kwa gari lenye umri wa mtu anayeweza kuoa.

Asubuhi alikuwa ananimenyea chungwa, ingawa yeye haruhusiwi kulila, akasema kama anayezungumzia mawingu:

"Tufanye mara mbili kwa wiki, mzee wangu. Ijumaa tuipumzishe."

"Ijumaa haijachoka."

"Mfuko wako umechoka. Nausikia ukikohoa."

Tulicheka. Kisha nikakumbuka alivyosema daktari: mara mbili hazitoshi. Hiyo ya tatu ndiyo inayomwezesha kulala amenyooka, badala ya kukaa kitandani akivuta pumzi kama anayepanda ngazi. Ijumaa haiguswi. Nimeandika hivyo na kupiga mstari chini yake.

Jumanne, 4 Machi

Binti yetu amepiga simu kutoka anakofanya kazi. Mama yake alikuwa amekwisha kumweleza.

"Baba, weka gesi. Petroli inabaki palepale, unaongeza mtungi tu, unachagua kwa swichi. Huku teksi zote ziko hivyo. Vifaa nalipia mimi, na usianze kubishana."

"Sijasema kitu."

"Nimekusikia ukivuta pumzi ya kubishana."

Huyo ni mtoto wa mama yake.

Nimechora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto faida, kulia hasara. Kushoto: petroli inayotupeleka mara tatu, bei yake inatupeleka mara sita kwa gesi. Injini inabaki safi. Gari linakuwa na matumbo mawili, moja likiisha lipo la pili. Hili la mwisho nimeliandika kwa herufi kubwa kuliko mengine. Kulia: mtungi unakula buti nzima, nao una uzito wa mtu mzima. Nguvu inapungua milimani. Kituo cha gesi ni kimoja tu, pale njia panda, kilomita kumi na tisa kutoka hapa, na umeme ukikatika mitambo yake haisukumi chochote. Kulia kuna mistari mingi kuliko kushoto. Lakini mistari hupimwa, haihesabiwi.

Jumatano, 5 Machi

Hospitali. Mvua milimita saba. Tangi la petroli: limejaa.

Jumamosi, 8 Machi

Jirani wa upande wa kushoto anaitwa Kapteni. Hajawahi kuwa kapteni wa chochote. Aliendesha malori maisha yake yote, na ni kofia iliyompa cheo. Sijawahi kumpenda sana. Ana maoni kuhusu kila kitu changu, kuanzia uzio hadi namna ninavyokunja mwavuli.

Leo alinikuta nimefungua boneti.

"Nasikia unafunga bomu kwenye buti."

"Mtungi wa gesi."

"Ndiyo hilo bomu. Utamrusha mama wa watu angani."

"Hii ni gesi asilia, nyepesi kuliko hewa, Kapteni. Ikivuja, inapaa na kwenda zake. Petroli ikivuja inakaa chini inakusubiri."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

"Aliyeandika hajawahi kuendesha lori, huyo."

Akaondoka na uso wa mshindi. Nimeandika upande wa kulia: *Kapteni atasema.* Kisha nikaufuta mstari huo. Si hasara ya gesi, angesema tu hata ningenunua punda.

Jumatano, 12 Machi

Tumesimama kituo cha gesi, kutazama tu. Magari kumi na manne kwenye foleni. Dakika nne kwa gari pampu ikiwa na nguvu, saba ikiwa imechoka. Na kuna jambo ambalo binti hakulisema: wakati wa kujaza kila mtu lazima ashuke, hata mgonjwa. Ni sheria, na ni sheria nzuri. Kuna benchi chini ya kibanda cha bati. Nimeliandika upande wa kulia na kulizungushia duara: mke wangu, akitoka kwenye mashine, miguu ikiwa kama ya kuazima, ashuke mvuani akakae na watu asiowajua.

Nikamwambia. Alilitazama lile benchi.

"Nilitembea kilomita kumi na moja na mimba ya miezi saba," akasema. "Benchi ni nini?"

Huwa hatuzizungumzii zile kilomita. Niliwasha gari.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwa fundi. Ni mwanamke wa makamo, mikono ya chuma, watu wanamwita Mama Injini, naye huitika. Aligonga gari langu hapa na pale kama daktari anayegonga kifua.

"Mwili umechoka, baba, lakini injini ina roho. Itabeba."

"Nionyeshe cheti cha mtungi. Tarehe ya kupimwa imegongwa wapi?"

Akacheka. "Wewe ndiye mteja wa kwanza kuuliza kabla ya kuuliza bei." Akanionyesha. Nikainakili tarehe, namba na jina la mpimaji.

Jumapili, 16 Machi

Mtungi unataka buti tupu. Ndani ya buti kuna tairi la akiba, jeki na begi. Begi limekaa humo tangu tununue gari hili, miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo lilikaa nyuma ya mlango. Nguo za siku tatu, vyeti, tochi, ramani niliyoichora mwenyewe. Mtu aliyewahi kuondoka kwao akiwa na dakika ishirini tu za kujiandaa hulielewa begi kama hilo. Ni kama ninavyolielewa tangi la petroli: halijawahi kushuka chini ya robo tatu mikononi mwangu. Vijana wa pampu hunitania: "Mzee, unajaza au unatusalimia?"

Nilileta begi chumbani. Mke wangu akalifungua kabla sijamzuia, akatoa suruali yangu, akaining'iniza mbele ya dirisha.

"Huyu kijana mwembamba ni nani?"

"Alikuwa mume wako."

"Kilimpata nini?"

"Alioa mwanamke anayejua kupika."

Alitabasamu, akaikunja suruali vizuri, akairudisha. Hakuniambia nilitupe begi. Hajawahi kuniambia.

Alhamisi, 20 Machi

Gesi imefungwa kwenye gari. Mtungi umelala buti nzima kama mgeni asiyeonyesha dalili ya kuondoka. Nyuma ya gari imeinama sentimita mbili na nusu. Kwenye dashibodi kuna swichi ya nafasi tatu: juu gesi, chini petroli, katikati si chochote. Pembeni yake taa nne za kijani zinazopungua kadiri gesi inavyokwenda, na moja nyekundu.

Mama Injini alinikalisha kwenye kiti cha dereva, yeye akainama dirishani.

"Sikiliza, baba. Hili ni gari la zamani, la kabureta. Ukikaa kwenye gesi siku zote, petroli iliyobaki ndani ya kabureta inakauka, inaacha gundi. Kwa hiyo kila wiki, safari moja nzima, nenda na petroli. Iache ishuke, weka nyingine mpya. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Rudia."

Nilirudia kama mtoto wa darasa la pili. Kisha nikaenda kituo cha petroli nikajaza mpaka shingoni, mpaka kijana akasema itamwagika.

Nimerudi nyumbani kwa gesi. Injini inaunguruma chini kidogo, kama mtu anayeongea na nguo mdomoni. Mshale wa petroli haukusogea hata unywele. Nilikuwa nautazama kuliko barabara. Hiyo ni faida ambayo sikuiandika upande wowote wala sikumwambia mtu: sasa nina tangi ambalo halitashuka kamwe.

Ijumaa, 21 Machi

Safari ya kwanza kamili. Taa moja ya kijani ilibaki tulipofika njia panda kujaza. Kwa hesabu yangu mtungi unatupa kilomita mia moja na sitini na kidogo. Mzunguko wetu ni mia moja thelathini na sita. Unatosha, lakini hauna masihara. Tangi la petroli: limejaa.

Jumatano, 26 Machi

Milimita kumi na mbili. Hospitali. Tangi la petroli: limejaa.

Jumatano, 9 Aprili

Duara nililolichora juu ya lile benchi lilikuwa kosa la kipimo. Benchi limegeuka baraza. Kuna mama mwenye teksi anayemwekea mke wangu nafasi na kipande cha boksi cha kukalia, na leo niliwakuta wakicheka mpaka mjazaji ameacha bomba kuwatazama.

"Mnacheka nini?"

"Waume," akasema mama wa teksi. "Endelea na pampu yako, babu."

Tangi la petroli: limejaa.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua imekomaa. Mlima wa kabla ya hospitali tumeupanda kwa gia ya pili, lori likitupigia honi nyuma. Hasara hiyo niliitabiri na sikupungukiwa na usingizi.

Tukirudi, mke wangu akaigusa swichi kwa kidole bila kuisogeza.

"Fundi alisema kila wiki safari moja ya petroli. Hii ni wiki ya nne."

"Wiki ijayo."

"Unamtunzia nani hiyo petroli?"

Nikasema ni kwa sababu ya bei. Ni uongo. Nauandika hapa ili angalau karatasi ijue.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama Injini amenisimamisha barabarani. "Petroli unaitumia, baba?" Nikasema, "Ndiyo." Mtu wa miaka sabini na minne amedanganya mara mbili katika siku kumi, mara zote mbili kwa sababu ya mshale mdogo mweupe. Jambo la kushangaza ni kwamba nikiutazama mshale huo pale mwisho kabisa wa kulia, nalala vizuri.

Tangi la petroli: limejaa.

Jumatano, 7 Mei

Milimita thelathini na moja. Hospitali. Limejaa.

Jumapili, 18 Mei

Milimita tisini na sita. Kopo lilifurika, kwa hiyo ni zaidi. Umeme umekatika tangu alfajiri, hapa na kote hadi njia panda, nguzo zimelala. Mke wangu amepanga vitu vyake vya kesho ndani ya lile begi langu: khanga, ndala, kikombe chake. Nguo zangu amezitoa na kuziweka kabatini, vyeti ameniachia mezani. Hakuomba ruhusa.

Jumatatu, 19 Mei

Hatukufika. Daraja la kilomita ya hamsini na mbili liko chini ya maji. Polisi mmoja mwenye koti la mvua alisimama katikati ya barabara akitikisa kichwa tu, kila gari linapofika anatikisa. Tumerudi. Njia panda pako kimya, kituo cha gesi hakina umeme, benchi tupu.

Jumanne, 20 Mei

Maji yanapungua, wanasema daraja litafunguliwa kesho. Miguu yake imevimba. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Alilala amekaa. Hakulalamika, na asipolalamika ndipo ninapoogopa.

Nimepiga hesabu. Tangu kujaza Ijumaa: kumi na tisa kufika nyumbani, mia moja na nne jana kwenda darajani na kurudi. Jumla mia moja ishirini na tatu. Gesi iliyobaki itatufikisha karibu kilomita ya arobaini. Kituo hakina umeme. Hapo nitashusha swichi, na petroli itamaliza kazi. Kapteni alikuja na jerikeni ya lita kumi.

"Chukua, huwezi kujua."

"Ahsante, nina tangi zima."

"Hilo tangi lako kila siku limejaa, kama picha ya ukutani," akasema. Niliona ananikejeli. Nilimrudishia jerikeni yake.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika wodini, asubuhi, daftari liko juu ya goti. Mke wangu amelala. Amelala amenyooka. Nimeyaandika haya kwanza kwa sababu ndiyo muhimu.

Jana tuliondoka saa moja asubuhi. Mvua ndogo. Alikuwa ameegemea dirisha, anavuta pumzi fupifupi, kila moja nikiihesabu. Kilomita ya arobaini na moja, pale barabara inapopita kati ya mashamba yasiyo na nyumba, taa nyekundu ikawaka. Nilikuwa nimekadiria arobaini. Naona aibu kusema kwamba kwa sekunde moja nilijisifu. Nikashusha swichi.

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Gari likaserereka lenyewe mpaka ukingoni mwa barabara.

Nikawasha. Ikazunguka bila kushika. Nikasubiri, nikawasha tena, tena, mpaka betri ikaanza kuvuta maneno. Mshale ulikuwa mwisho kabisa wa kulia. Limejaa, limejaa, limejaa: nimeliandika neno hilo katika daftari hili kama mtu anayesali, na chini ya kiti chetu kulikuwa na petroli ya kutupeleka hospitali mara nne, isiyoweza kutusogeza hatua moja.

Simu ilishika. Mama Injini aliuliza swali moja.

"Umekuwa ukiitumia petroli?"

Nikautazama mshale.

"Baba!"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyonirudisha darasa la pili."

Alisema neno ambalo sitaliandika. Kisha sauti ikabadilika. "Hilo halitengenezeki barabarani. Nakuja kulivuta, lakini nitachelewa, kuna matope. Usimsubirishe mama. Simamisha chochote chenye magurudumu."

Sasa niandike lile lingine, kwa kuwa sijawahi kuliandika.

Miaka thelathini na moja iliyopita tulikuwa tunaikimbia nchi yetu, watatu ndani ya gari jingine, katika mvua ya namna hii: mimi, mke wangu na mimba yake, na baba yangu, ambaye miguu yake haikuwa ikimbeba. Asubuhi nilipita kituo cha mafuta bila kusimama. Foleni ilikuwa ndefu, na mshale ulikuwa nusu, na kwa hesabu yangu nusu ilitosha. Hesabu haikujua kwamba barabara kuu ingefungwa na tungezungukia milimani. Petroli iliisha kilomita kumi na moja kabla ya mpaka. Nilitaka kumbeba baba. Akasema, "Nendeni. Mimi nitalinda gari." Alisema vile mtu anavyosema wenzake wakiingia dukani. Akapandisha kioo ili mvua isiingie. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa anafuta kioo kwa kiganja atuone vizuri. Hatukupata habari zake tena, wala za gari.

Tangu hapo nimejaza tangi.

Jana nilisimama mvuani nikipunga mikono. Magari matatu yalipita. La nne, gari dogo la kusambaza mikate, likasimama. Dereva aliteremsha kioo.

"Nafasi ni moja mbele, mzee. Nyuma ni kreti tu."

Nikamfungulia mke wangu mlango, nikamwinua, nikamketisha pale mbele na begi miguuni. Nikamwambia:

"Tangulia. Mimi nitabaki na gari mpaka fundi afike."

Alinishika mkono wa shati. Hakuwa na pumzi za kupoteza, kwa hiyo alizitumia kwa mpango, maneno machache kila moja.

"Hapana. Safari hii. Hakuna anayebaki. Kulinda gari."

Dereva akatutazama, hakuelewa kitu, akasema tu, "Panda nyuma, babu, jifunike turubai."

Nikaliacha gari langu na ufunguo ndani. Kilomita ishirini na saba nimekaa kati ya kreti za mikate ya moto, turubai likinigonga kichwani, nikilitazama gari likiwa dogo, dogo zaidi, mpaka kona ikalichukua. Kioo chake hakikuwa na mtu. Nilishangaa jinsi jambo hilo lilivyo kubwa. Tulivuka daraja, maji yalikuwa bado rangi ya chai. Saa tatu kasorobo alikuwa kwenye mashine. Muuguzi aliniambia hatukuchelewa mno, lakini asingeweza kusema tumewahi. Nimeipenda sentensi hiyo, ni ya mtu mkweli.

Ijumaa, 23 Mei

Ametolewa baada ya mashine ya leo. Mama wa teksi wa kwenye benchi alitufuata mwenyewe. Sijui nani alimwambia. Wao wana njia zao.

Nyumbani, gari liko uani. Kapteni alikuwa amekaa kwenye ngazi yetu, kofia mkononi. Mama Injini alikuwa amempigia kutafuta mtu wa kumsaidia. Kapteni hakungoja, akapanda pikipiki ya kukodi katika mvua ile mpaka kilomita ya arobaini na moja. Alikaa ndani ya gari langu kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mpaka gari la kuvuta lilipotoka kwenye matope.

"Nimelilinda gari lako," akasema. "Hawakuiba hata waipa. Viti vyako lakini ni vibaya sana, mgongo wangu umekufa."

Mke wangu ndiye aliyemshika mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida ya majirani, mpaka Kapteni akaanza kutazama huku na huku.

"Kwani nimesema nini?" akaniuliza.

"Umesema vizuri," nikamjibu.

Jumapili, 25 Mei

Gereji. Mama Injini alinifungulia kabureta mezani, juu ya gazeti. Ndani yake petroli ilikuwa imekauka ikawa utando wa kahawia, umeziba vitundu vidogo kama nta. Kisha akanionyesha alichokitoa chini ya tangi: maji, kutu, na tope jeusi la miaka ishirini na miwili. Sikuwahi kuliacha lishuke hata mara moja likajisafisha.

"Nilikwambia nini?"

"Safari moja kila wiki. Ishuke. Niweke mpya."

"Kumbe ulisikia."

Nikamweleza kwa nini. Nilimweleza yote, pamoja na kioo na kiganja. Alikuwa ameshika bisibisi, na hakuiweka chini mpaka nilipomaliza. Halafu akasema, taratibu kuliko alivyowahi kusema nami:

"Baba, hiyo petroli uliyoitunza ilikuwa ya barabara ile. Barabara yako ya sasa ni ya hospitali. Hii nayo inataka iliyo hai."

Amebadilisha mpira wa bomba, ameosha tangi, ameweka kabureta sawa. Akaniomba nirudie masharti. Nikarudia.

Jumatano, 28 Mei

Safari nzima kwa petroli, kwenda na kurudi. Mlima tumeupanda kwa gia ya tatu, mke wangu akimpungia mkono dereva wa lori tuliyempita. Mshale umeshuka. Nauona ukishuka, lakini sikusimama kujaza. Nimeandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya dashibodi: JUMATANO, PETROLI. JUMATATU NA IJUMAA, GESI.

Ijumaa, 6 Juni

Umeme umerudi, benchi limejaa. Milimita mbili tu.

Nimechora mstari upya katikati ya ukurasa. Mengi yamebaki palepale: buti haipo, mlima ni mgumu, foleni ni ndefu, umeme si wa kutegemea. Kushoto, safari tatu kila wiki, zote tatu. Hilo peke yake ni zito kuliko ukurasa wa kulia. Lakini neno nililoandika kwa herufi kubwa mwezi wa Machi, matumbo mawili, nimelirekebisha. Gari la gesi na petroli lina matumbo mawili kwa mtu anayeyatumia yote mawili. Kwa mtu anayetunza moja, lina moja, na uzito wa lile lingine.

Nitaendelea nalo. Uamuzi umefungwa.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya petroli. Jua tangu asubuhi; kopo juu ya ukuta ni kavu, kuna mjusi ndani.

Kurudi, saa tisa alasiri, tulikaribia kituo cha petroli. Mshale ulikuwa katikati kabisa. Nusu. Sijawahi kuuona hapo tangu siku ile. Mguu wangu ulikwenda wenyewe kwenye breki; vijana wa pampu waliniona, mmoja akaanza kuburuta bomba, tayari kunitania. Mke wangu alikuwa amekaa wima, rangi nzuri, khanga mabegani, anatazama mbele.

Niliinua mguu. Tukapita. Kijana alisimama na bomba mkononi kama mtu aliyeachwa mkono hewani.

Baada ya kilomita kama mbili mke wangu akaniuliza:

"Umeona mshale?"

"Nimeuona."

"Inatosha?"

Nilipiga hesabu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikaipiga mara ya pili.

"Inatosha kufika nyumbani," nikasema.

Aligeuka kunitazama, kisha akaegemeza kichwa, akafumba macho. Tulipofika, Kapteni alikuwa getini, ameshika jerikeni yake, anasubiri kusema kitu.

Mvua: hakuna. Tangi la petroli: nusu.